Mkutano wa wazazi kuhusu "tunu za shule": nikipewa nafasi niseme nini?

Mama Genge

Wakuu, habari za jioni.

Niko Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, nina genge langu pembeni ya soko la mahindi. Mwaka jana wazazi walinichagua niingie kamati ya shule ya msingi wanakosoma wanangu. Sasa barua ya mkutano mkuu imekuja. Ajenda za mwanzo ni zile za kila siku: vyoo, madawati, uji. Ya nne ndiyo mpya, nainakili kama ilivyo: "Wazazi kutoa maoni juu ya tunu za shule na mwelekeo wa elimu kwa watoto wetu." Mwalimu mkuu anataka tutoke na tunu tano, halafu fundi rangi aziandike ukutani upande wa barabarani, wageni wazione.

Sina ugomvi na tunu. Ugomvi wangu ni mikutano yenyewe. Atasimama mwenyekiti wa kitongoji, atasimama mchungaji, atasimama mzee wetu mmoja mstaafu wa jeshi. Kila mmoja atasema watoto wa siku hizi hawana adabu, simu zimewaharibu, makofi. Kina mama tunakaa nyuma kwenye kivuli, na hata anayejitutumua kusimama anaanza kwa kuomba radhi. Tukishatoka getini ndipo mkutano wenyewe unaanza. Hapo utasikia ya mwalimu anayemwita mtoto wa mtu "mzito" mbele ya darasa. Utasikia ya wavulana wanaotolewa darasani siku ya mnada wakaswage ng'ombe. Utasikia ya binti mmoja aliyejifungua, sasa anataka kurudi shule, na mtaa mzima una neno.

Langu mimi ni hili. Wa kwanza yuko darasa la sita, mdogo wake la tano. Wa la tano yumo kwenye mtaala mpya, anamaliza akiwa la sita, 2027. Kaka yake anamaliza la saba, 2027 hiyo hiyo. Januari 2028 nina kidato cha kwanza wawili, sare mbili, mabegi mawili, na genge ni lile lile. Nilipouliza kwenye kikao cha kamati, nikajibiwa hilo ni la kisera, haliko kwenye ajenda.

Sasa naomba kuelimishwa. Haya mazungumzo yana maana yoyote au tunajaza muhtasari tu? Na kama yana maana, niseme nini tusiishie kwenye heshima, nidhamu na usafi?

---

Chuma cha Pua

Dada, andikeni Heshima, Bidii, Usafi, Uzalendo, ya tano iacheni wazi fundi rangi atajaza mwenyewe. Pigeni picha, irusheni kwenye grupu la wazazi, rudi ufungue genge kabla wateja wa jioni hawajahamia kwa jirani. Elimu inaamuliwa na watu waliokwisha kuamua.

---

Mzee wa Kata

Mwanangu Mama Genge, huyo kijana hapo juu nusu ya anachosema ni kweli, ndiyo maana inabidi nimjibu kwa urefu.

Mimi nimestaafu. Miaka ya mwisho nilikuwa mratibu elimu kata huku Iramba, cheo ambacho siku hizi wanakiita afisa elimu kata. Mikutano ya wazazi nimekaa mingi kuliko harusi.

Tuanze na hilo la kisera. Sera tuliyonayo ni ile ya 2014, toleo la 2023. Rais Samia aliizindua mwanzoni mwa 2025, wakati mtaala mpya ulishaingia madarasani tangu Januari 2024. Na hii miaka kumi ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari, haikuzaliwa juzi. Ilikuwemo tayari kwenye sera aliyoizindua Kikwete Februari 2015 pale sekondari ya Majani ya Chai, Dar es Salaam, ikalala karibu miaka tisa. Mei 2023 rasimu za sera na mitaala ziliwekwa hadharani, watu wakaalikwa watoe maoni. Nani hapo Kibaigwa alizisoma? Hata huku kwetu walizisoma walimu wachache wenye bando. Mlango ulikuwa wazi, lakini ulikuwa Dodoma na kwenye simu, na wewe ulikuwa gengeni.

Kijana anasema wameshaamua. Historia inampa haki kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, ikakusanya maoni, ikatoa taarifa yake 1982. Ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa hilo. Leo, zaidi ya miaka arobaini baadaye, mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili darasa la saba la shule ya serikali, na Januari inayofuata anafundishwa sayansi hiyo hiyo kwa Kiingereza. Kwa hiyo ndiyo, mnaweza kuulizwa, mkajibu vizuri, na jibu likawekwa kabatini.

Lakini nusu ya pili ya hadithi kijana haijui. Kuna wakati tulikuwa na tunu zilizoandikwa vizuri kuliko zote, na mazungumzo hayakuwepo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea: shule isimtenge mtoto na jamii yake, kazi ya mikono iheshimiwe, tuache ubinafsi wa kukimbilia vyeti. Maneno yale nayakubali mpaka leo. Nilisoma chini yake, tumelima alizeti na pamba ya shule jua likituwakia. Wazazi wetu hawakuyaona kama ilivyoandikwa. Baba aliyemwachisha mtoto jembe ili aende shule alimwona mtoto yule yule karudi na jembe, na mavuno hayaji nyumbani. Hakuna aliyekaa naye chini akamuuliza, wewe kwako kusoma ni nini? Shamba la shule likageuka mahali pa kupelekwa mtoto aliyechelewa namba. Mpaka leo ukimwambia mzazi mwanawe achukue mkondo wa amali sekondari, ajifunze ufundi, usoni unaona anaikumbuka ile pamba.

Ndiyo maana nakwambia usiende pale kutafuta tunu. Tunu moja moja haina mpinzani. Nani atasimama apinge heshima? Mazungumzo yanaanza mbili zikigongana na ikabidi watu wachague nani atabeba gharama.

Nikupe moja niliyoiona. Ilikuwa baada ya mavuno, shule moja ya kata yangu, wazazi walishakubaliana kila kaya ilete debe la mahindi na sado ya maharage watoto wale mchana. Elimu bila malipo ya 2016 iliondoa ada na ile michango ya lazima, chakula cha shule za kutwa kikabaki mikononi mwa wazazi. Kaya nyingine zikaleta, nyingine hazikuleta. Mkutano ukafunguliwa kwa hotuba za mshikamano na uwajibikaji, yote mawili yakapigiwa makofi. Kisha mwalimu mkuu akauliza swali moja: mtoto ambaye kwao hawajaleta, ale au asile?

Kimya. Halafu mzee mmoja akasimama, mwenye shati la kaunda suti lililofifia, akasema, "Debe langu nimelibeba kichwani. Fulani ana zizi limejaa na hajaleta punje. Mkimlisha wake, mwakani na mimi siko." Watu wakaguna kwa kumuunga mkono. Mama mmoja akajibu bila hata kusimama, mtoto mgongoni: "Mwanangu akila na mwenzake anamwangalia, jioni akiniuliza kwa nini, nitamjibu nini? Kosa ni la nani, la mtoto?" Wakaguna tena, na ni wale wale.

Walibishana mpaka jua likaanza kushuka. Mwisho wakakubaliana kila mtoto anakula, deni linabaki kwa mkubwa wake. Asiye na mahindi analeta kuni, au anakuja zamu ya kuchota maji na kupika. Mwenye mali asiyetaka, mwenyekiti wa kitongoji anamfuata nyumbani na wajumbe wawili. Wapo waliokaidi, nisikudanganye. Ila watoto walikula, na siku ile ndiyo niliyowaona wazazi wale wakieleza wanaamini nini. Hakuna kilichoandikwa ukutani.

Kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu, kabla ya siku yenyewe, msianze na orodha. Anzeni na maswali yenu ya getini. Nidhamu mnaitaka, na utu wa mtoto mnautaka: mwalimu akimwita mtoto mzito, mzazi aende wapi na mwalimu asikilizwe wapi? Kazi mnaithamini, na masomo mnayathamini: mnada ukiangukia siku ya shule, nani aswage ng'ombe? Kaeni kwa makundi, kina mama peke yao, kina baba peke yao, vijana waliomaliza juzi peke yao. Darasa la tano na la sita waulizwe na mwalimu wa malezi, maana hayo yote yanawahusu wao. Na anayeandika aandike maneno ya mtu kama alivyoyasema. Ukiandika "wazazi walihimizwa kushirikiana", umeshazika mkutano.

---

Madam Fizikia

Shikamoo Mzee wa Kata. Mama Genge, mimi nafundisha sekondari, kanda ya ziwa, naongezea mawili tu.

La lugha lisemeni hata kama ni la kisera. Januari na Februari napokea kidato cha kwanza ambao wanaijua mada, wanashindwa kuisema. Kuna mtoto ukimuuliza kwa Kiswahili kwa nini sufuria lina mpini wa mbao, anakueleza vizuri kabisa kwamba joto halipiti kirahisi kwenye mbao. Ukimuuliza kwa Kiingereza anainama. Sasa wazazi wengi ninaoongea nao wanataka Kiingereza, tena kwa nguvu, kwa sababu wanajua kazi inatafutwa kwa lugha gani. Wana haki. Na mtoto ana haki ya kuelewa anachofundishwa. Hapo ndipo pa kukaa mjadiliane, na Mwalimu Mkuu anaweza kufanya kitu bila kusubiri wizara: kipindi cha mazungumzo ya Kiingereza mchana, maktaba ndogo, mkutane na shule ya sekondari ya kata mjue watoto wanakwama wapi.

La pili ni huyo binti. Nakuomba usiliache getini. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba harudi shule ya serikali, na ilitetewa kwa jina hilo hilo la maadili. Novemba 2021 wizara ikatangaza kwamba wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi. Waraka ulibadilika, midomo ya watu haikubadilika. Nimempokea mmoja darasani kwangu. Alikuwa anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kengele ikilia anatoka wa kwanza akamnyonyeshe mtoto kwa mama yake, anarudi anahema. Mzazi mmoja akaja ofisini akasema huyu atawaharibu wenzake. Nikamuuliza, baba wa mtoto yuko wapi na yeye anamharibu nani? Hakunijibu, ila hakurudi tena na hilo neno.

Siku hizi tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Zuri. Lakini watoto wanasoma zaidi tunavyomtendea yule wa kiti cha mwisho.

---

Chuma cha Pua

Madam, nakuelewa, ila kweli mkutano wa shule moja Kongwa utabadili lugha ya kufundishia Tanzania? Tusidanganyane.

---

Madam Fizikia

Hautabadili. Utaamua kama binti atapokewa Jumatatu asubuhi au atarudishwa getini. Mimi hilo linanitosha kwa mkutano mmoja.

---

Baba Wairimu

Hamjambo majirani. Mimi ni mzazi Nakuru, nimesoma uzi huu nikaona yetu.

Sisi huku Kenya kuhusisha umma kumeandikwa kwenye katiba ya 2010, kifungu cha 10, miongoni mwa maadili ya kitaifa. Na mtaala wetu wa umilisi una maadili yake ambayo mtoto anayakariri: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, uadilifu. Yote mazuri. Tatizo ni kwamba mtaala ulipoanza kote nchini 2019, mzazi alihusishwa kwa njia moja, kuchapisha picha saiba, duka la kompyuta, saa tatu usiku kwa sababu mwalimu ameitisha picha za wanyama wa porini kesho asubuhi. Hapo ndipo wazazi walikasirika. Hata wale waliopenda falsafa ya mtaala walichoka na saiba.

Mwaka wa 2022 Rais Ruto akateua jopo la mageuzi ya elimu, wanachama 42, mwenyekiti Profesa Raphael Munavu, likazunguka kaunti likisikiliza watu. Nilienda kikao kimoja. Kulikuwa na hotuba nyingi za falsafa, na kwa kweli sikumbuki hata moja. Kile kilichowashika wanajopo, nilivyoona mimi, ni swali la Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari ya chini: mtoto wa miaka kumi na miwili aende bweni la sekondari au abaki karibu na mama yake? Hapo kila mtu aliongea, hata wazee ambao hawana mtoto shuleni. Disemba 2022 jopo likasema sekondari ya chini ikae kwenye shule za msingi, na ndivyo ilivyokuwa Januari 2023. Ripoti kamili ikaja Agosti 2023.

Kwa hivyo namuunga Mzee mkono. Swali likiwa na njia mbili na kila njia ina gharama yake, sauti ya mzazi inashika. Lakini niweke onyo. Walimu wa hiyo sekondari ya chini wakajikuta chini ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na hadi wakaandamana wakidai shule zao ziwe na usimamizi wa peke yake. Sisi wazazi tulipata tulichotaka, mwalimu akabeba. Mama Genge, ukigawa makundi, walimu pia wape kundi lao, na mwalimu mkuu asikae humo.

---

Mama Genge

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote, hata wewe Chuma cha Pua.

Nimemfuata mwalimu mkuu ofisini. Mwanzo alishtuka, aliona kama nimetumwa. Nilipomtajia la mnada akacheka, kumbe hata yeye siku hiyo anakuta madarasa yamepungua na hajui amwandikie nani. Makundi amekubali. Kundi la walimu bila yeye amesema atafikiria. Ukutani bado anataka paandikwe, rangi imeshanunuliwa, nikamwambia iandikwe baada ya mkutano.

La binti amesema nisiliweke kwenye ajenda, litazua. Nimeongea na mama yake binti mwenyewe sokoni. Yeye anataka lisemwe, ila anaogopa kusimama.

Swali la mwisho kwa Mzee: tukishaandika, karatasi iende wapi? Nisijekuwa nimewachosha watu bure.

---

Mzee wa Kata

Marahaba mwanangu.

Nakala tatu. Moja faili la shule. Moja kwa afisa elimu kata. Ya tatu kwa mtendaji wa kata, mwombe aiingize kikao kijacho cha WDC, kamati ya maendeleo ya kata. Yeye ndiye katibu na diwani ndiye mwenyekiti, hawezi kusema hakuiona. Zote zigongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo. La lugha, na la wanafunzi wa madarasa mawili kumaliza pamoja 2027, yaandikeni karatasi ya peke yake kwa diwani. Hilo la pili halmashauri lazima ilipangie madarasa na madawati mapema. Hauko peke yako, kila kata ina mama wa wawili kama wewe. Mwulize diwani vyumba vya sekondari ya kata viko vingapi na Januari 2028 vitahitajika vingapi. Ni swali la hesabu, hawezi kulijibu kwa hotuba.

Mkutano unaofuata, kabla ya ajenda ya uji au ya tunu, uanze kwa kusoma muhtasari huu na nani alitakiwa kufanya nini. Wewe ni mjumbe wa kamati, una haki ya kuudai.

La binti, usilazimishe ajenda. Kwenye kundi la kina mama litatoka lenyewe, na anayeandika awe mwanamke mnayemwamini. Swali liwe la wote: mtoto wetu yeyote akirudi shule baada ya kujifungua, tumpokeeje, na nani akae na kichanga asubuhi? Jina lake lisiandikwe popote, wala la kitongoji chake.

---

Mama Genge

Sawa mzee. Kuna stationari hapa stendi inatoa kopi, mwenye duka ana mtoto la nne, ameshasema za mkutano hatanitoza. Mwandishi wa kina mama nimempata, ni fundi cherehani, ana mwandiko mzuri na hasemi ya watu.